Je, mwili wa baba umezoea dawa?

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mfamasia. Baba yangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Ana saratani ya damu aina ya CML. Amekuwa akimeza imatinibu miaka kadhaa, akapata nafuu hadi akarudi kazini. Kliniki ya juzi tumeambiwa ugonjwa umepanda tena. Majirani wanasema mwili umeizoea dawa, aipumzishe miezi miwili mitatu kisha aianze upya. Tufanyeje?
Binti yake, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Baba asiache dawa. Nimeanza na hilo kwa sababu hata hapa Malindi maneno ya kupumzisha dawa huyasikia kila mara, na hunitia hofu.

Mwili wake haujazoea kitu. Kama kuna kilichobadilika, ni seli za saratani. CML huanza vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 9 na ya 22 vinapobadilishana mahali, ikazaliwa protini ya BCR-ABL inayozichochea seli za damu kuzaana ovyo. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika kwenye kishimo cha protini hiyo na kuizima. Lakini seli zikigawanyika hunakili jeni zake, na katika kunakili hutokea makosa. Kosa moja, kama lile liitwalo T315I, hubadilisha kishimo. Baba atalielewa upesi: gingi ni lile lile, tundu ndilo lililobadilika. Seli nyingine zikifa, seli yenye kosa hilo husalia ikazaana. Akiacha dawa haiondoki, na zile ambazo dawa bado inaziweza zitapata nafasi ya kurudi.

Ila muulize kwanza, kwa upole, kama kweli humeza kila siku. Ramadhani je? Wengi huacha mchana, usiku wakasahau. Dozi ya mara moja kwa siku huweza kumezwa kwa futari au daku, pamoja na chakula na bilauri nzima ya maji. Mkubaliane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na ana dawa nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu hushusha imatinibu damuni.

Dawa mbadala zipo. Dasatinibu na nilotinibu hufaa kwa mabadiliko mengi, lakini si T315I. Hiyo huhitaji nyingine, kama ponatinibu. Ndiyo maana kubahatisha hakufai. Mwendapo kliniki, bebeni pakiti zote, hata zilizo tupu, na mumuulize daktari: je, jeni ya BCR-ABL imepimwa mabadiliko?