Mnaoanza kushika swichi: kabla ya QoS (kuipa data ya haraka kipaumbele kwenye mtandao) jueni kwanza mnamuamini nani

Wadogo zangu mnaotoka chuo na kuingia kazini kwenye mahoteli ya Nungwi, Paje na kwengineko, malalamiko mtakayokutana nayo mapema ni simu ya mapokezi inakatakata magharibi wageni wakisharudi pwani wakafungulia video. Bosi atasema aongeze bando. Hebu msikubali haraka, sauti yenyewe ni ndogo mno, simu moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data) ni kilobiti 64 kwa sekunde na ukitia vichwa vya paketi, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande cha data, inafika 80 na kitu, haitaki njia pana inataka tu isiwekwe foleni, ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wanaanza kugongana maneno.

Sasa swichi haijui ipi sauti ipi video, inasoma alama tu, namba iliyobandikwa kwenye paketi. Alama ziko mbili. DSCP, inayokaa kwenye kichwa cha IP, ina biti 6, yaani 0 mpaka 63, na sauti kwa kawaida ni 46. CoS ina biti 3 na sauti ni 5, ila hii inakaa ndani ya tagi ya VLAN (kibandiko kinachoonesha paketi ni ya mtandao gani mdogo ndani ya swichi), kwa hiyo paketi isiyo na tagi haina CoS, msiitafute.

Hapa ndo pa kutulia. Kwenye Catalyst (swichi za Cisco) za zamani kama 2960 na 3750 QoS huja imezimwa na alama zinapita kama zilivyo, ukiandika amri ya kuiwasha, mls qos, tu ukaondoka basi poti zote zinahesabika haziaminiki na kila alama inafutwa kuwa 0, simu iliyokuwa ikikatakata sasa ndo inaharibika kabisa na wewe unajua umetengeneza! Pangeni imani kwanza: poti za simu na zile za swichi kwa swichi ziaminiwe, za wageni hapana kabisa, maana laptopu yoyote inaweza kujipiga 46 yenyewe, ni sawa na kuwaachia abiria wa boti ya Pemba wajiandikie tiketi, wote watakaa VIP. Catalyst 9000 ni kinyume chake, zinaamini kila kitu toka mwanzo, huko poti za wageni mnaziwekea sera (policy) ya kurudisha alama kuwa 0.

Na mkiamini CoS kwenye zile za zamani tazameni ramani ya kugeuza CoS kuwa DSCP, 5 inageuzwa kuwa 40 sio 46, lazima muibadilishe kwa mkono. Hili linawapiga chenga hata watu wazima wa kazi.

Kwenye klasi (kikundi cha paketi mnazotaka zishughulikiwe pamoja), usipotaja namna ya kulinganisha swichi inataka masharti yote yatimie, ukiandika DSCP 46 mstari mmoja na 24 (ya ishara za kupigia simu) mstari mwengine hakuna paketi itakayoingia milele, wekeni match-any, yaani sharti lolote moja linatosha. Na klasi ya juu ndo inayosomwa mwanzo, zile finyu ziwe juu.

Mkimaliza pigeni simu ya kweli mtazame kaunta ya paketi zenye alama ya 46, isipopanda hamjafanya kitu, rudini kwenye alama. Ikipanda na simu bado mbovu basi foleni haipo kwenye swichi ya gigabiti, ipo kwenye rauta inayotoka nje, huko punguzeni spidi ya kutoka iwe chini kidogo ya mliyonunua, foleni ijipange kwenu na sauti mnaipitisha mbele nyinyi wenyewe.