Spika ya omu ngapi kwa ampli yako ya gitaa?

Wapiga gitaa wenzangu hawachoki kuniuliza: ampli imeandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), spika ni ya omu 8, nichomeke? Nami huwarudishia swali: ampli yenyewe ni ya valvu, ile mirija ya kioo ya kizamani, au ya transista, vile vipande vidogo vya kielektroniki?

Ya transista haina makuu. Namba iliyo nyuma yake kwa kawaida ndiyo kiwango cha chini kabisa inachokimudu. Ikiwa ni 4, spika ya 8 au 16 itapiga salama, ila wati zitapungua: ampli ya wati 100 kwa omu 4 itakupa nusu yake au zaidi kidogo kwa omu 8. Nusu inatisha ukiisoma, lakini ni desibeli 3 tu. Sikio halioni pengo kubwa. Hatari ni kushuka chini ya namba ile. Mkondo wa umeme unazidi, transista zinachemka, mwisho zinaungua.

Ya valvu ndiyo yenye masharti, kwa sababu kati ya valvu na spika kuna transfoma. Spika ya 8 iende kwenye tundu la 8, basi. Wapo wanaosema kupishana hatua moja, kama spika ya 8 kwenye tundu la 4 au la 16, si neno, na ampli nyingi huvumilia kweli, lakini sioni faida ya kubahatisha na transfoma. Na usiipige kamwe bila spika. Volti zinaweza kupanda hadi cheche ziruke ndani.

Spika mbili za 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa 4. Zikiungwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, 16. Tundu la spika ya ziada huwa mara nyingi ni la sambamba, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuchomeka.

Kabati la spika lililokwisha kutumika nalipima kwanza, kibandiko kiseme kitakavyo, maana huenda kuna mtu alishabadilisha spika. Chomoa kabati kwenye ampli, weka multimeta kwenye omu, gusa ncha mbili za kebo yake. Spika ya 8 husoma 6 au 7, ya 16 husoma 12 hivi, kwa kuwa multimeta hupima ukinzani wa koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) tu, si impedansi yote, yaani ukinzani kamili wa spika inapopiga. Ikisoma 3 na kibandiko kinasema 8, amini multimeta. Isiposoma kitu, koili imekatika au waya umeachia.

Kebo ya kuunga kabati iwe ya spika. Ile ya gitaa ina uzi mwembamba mno kwa mkondo huo, hata kama ncha zake zinaingia vizuri tu.