Wadogo zangu wa maabara, leseni kwanza

Mliomaliza chuo na sasa mnazunguka na bahasha za CV Arusha na Moshi, naona mnarudia makosa yaleyale kila mwaka, na inaniuma.

1. Usajili wa maabara si leseni yako. Kile cheti cha Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, kinahusu maabara. Wewe unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, chini ya sheria ya 2007. Bosi akikwambia "sisi tumeshasajiliwa, anza tu," mjibu kwa heshima kwamba unasubiri leseni yako.

2. Majina. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na NIDA visome jina moja, herufi kwa herufi. Kijana mmoja niliyemwelekeza akiwa field (mafunzo ya vitendo), anasoma BS, kipimo cha malaria, utadhani alizaliwa na hadubini, cheti cha sekondari kilimwita Ally, cha chuo Ali. Nikamwambia aende kwa wakili wiki ileile kuweka majina sawa. "Nitashughulikia, kaka." Hakwenda, maombi ya leseni yakakwama. Maabara iliyomchukua ilikuwa na upungufu wa watu, ikampa nywila ya mtaalamu mwandamizi ya kuingilia mfumo wa majibu awe anatoa majibu kwa jina la mwenzake.

Wakaguzi wakaja. Mmoja akafungua rejista ya FBP (picha kamili ya damu), akapitisha kidole kwenye safu ya sahihi, akaomba aitiwe mwenye sahihi. Mwenyewe yuko Same, likizo. Kijana kasimama na glovu mkononi, vichupa vya damu vyenye EDTA, dawa ya kuzuia isigande, bado vinazunguka kwenye mashine. Hakuna aliyemtetea, hata aliyempa ile nywila. Akarudishwa nyumbani. Nilimhurumia, na hasira haijaniisha mpaka leo: jibu moja la Hb (wingi wa damu) lingekosewa siku zile, mgonjwa angemdai nani? Nywila ya mtu ni sahihi yake. Usiipokee, na ya kwako usimpe mtu, hata awe rafiki wa chumba kimoja.

3. Wa shahada, utarajali, yaani mafunzo kazini baada ya chuo, ni mwaka mzima. Logbuku, daftari la mafunzo hayo, isainiwe kila mnapohama sekisheni, msianze kumkimbiza msimamizi mwishoni.

4. Leseni ina tarehe ya mwisho. Tunzeni risiti na vyeti vya CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma.

Aliyekwama kwenye majina anitafute baada ya zamu ya asubuhi. Aje na vyeti halisi, si picha za kwenye simu.