Fedha haziingii mfukoni mwa mwenye biashara
Ndugu uliyeuliza kama mpango wa Uingereza wa Knowledge Transfer Partnerships (ushirikiano wa kupeleka maarifa ya vyuo vikuu kwenye kampuni) huwapa wafanyabiashara wadogo fedha taslimu, jibu ni hapana. Ruzuku ya serikali hupitia chuo kikuu, nacho humwajiri mhitimu anayefanya kazi ndani ya kampuni kwa miezi 12 hadi 36 chini ya uangalizi wa mhadhiri, huku kampuni ndogo ikichangia takriban theluthi moja ya gharama. Mfumo huu ulianza mwaka 1975 kwa jina jingine, na kwa maoni yangu nguvu yake ni kwamba mhitimu hukaa kando ya mashine inayosumbua, akiisikia inavyokwama, badala ya kuandika ripoti ya kufungiwa kabatini. La kuafikiana kabla ya kutia saini ni nani atamiliki uvumbuzi utakaopatikana.