Usiandike "imeshindikana" kabla hujajua

Kijana akiniletea mfumo wake wa malipo niupitie, huwa naanzia sehemu moja: jedwali la miamala, kwenye safu ya hali. Mara nyingi nakuta hali mbili tu, imefanikiwa na imeshindikana. Hapo najua tutakaa sana.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo inayokula hela za watu. Seva yako imetuma ombi kwa kampuni ya simu, imesubiri sekunde 30, kimya. Je, hela imekatwa? Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika, mteja akakatwa, ila jibu ndilo lililopotelea njiani. Kwa upande wako mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Ukiandika "imeshindikana", mteja ataambiwa ajaribu tena, atakatwa mara ya pili, na kesho asubuhi yuko hewani na huduma kwa wateja akiwasomea meseji mbili zenye kiasi kilekile. Andika "haijulikani", kisha endelea kuuliza hali ya muamala huo mpaka upate jibu la uhakika.

Ili uweze kuuliza, unahitaji namba ya kumbukumbu. Itengenezwe kwenye simu ya mteja, palepale anapobonyeza kitufe, kabla ombi halijatoka. Wengi huitengeneza kwenye seva ombi likishafika, na hapo haisaidii kitu: mtandao ukisumbua na simu ikarudia kutuma, seva inaona maombi mawili mageni na kila moja linapewa namba yake. Namba ikitoka kwa mteja, marudio yote yanakuja na namba ileile. Kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo, weka sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Ombi la pili likikataliwa, mrudishie mteja jibu la lile la kwanza. Na tafadhali, usianze kwa kuangalia kama namba ipo halafu ndiyo uingize. Kati ya kuangalia na kuingiza, ombi pacha linapenya. Iache kanzidata yenyewe ikatae.

Ugonjwa huohuo wa kuangalia kwanza ndio unaoharibu salio. Akaunti ina shilingi 50,000. Maombi mawili yanaingia kwa pamoja, moja la kutoa 30,000, jingine 40,000. Yote mawili yanasoma 50,000, yote yanaona inatosha. La kwanza linaandika salio jipya 20,000, la pili linaandika 10,000 juu yake. Zimetoka 70,000, na kitabu kinasema bado zimebaki 10,000! Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kanzidata ya PostgreSQL, kwa mpangilio inaokuja nao, haitawazuia kufanya hivi hata kama wameyafungia yote ndani ya transaksheni, yaani kundi la maagizo yanayopita yote au yasipite kabisa. Dawa yake ni fupi, agizo moja kwa kanzidata linalopima salio na kulipunguza papo hapo:

UPDATE akaunti SET salio = salio - 40000 WHERE id = 7 AND salio >= 40000;

Kisha angalia ni mistari mingapi imeguswa. Ikiwa sifuri, hela haikutosha. Ombi la pili litasubiri la kwanza limalize, halafu sharti la salio litapimwa upya kwa kiasi kilichobaki. Ukigusa akaunti mbili kwa mpigo, zifunge (zizuie zisiguswe na muamala mwingine) kwa utaratibu mmoja siku zote, tuseme yenye namba ndogo kwanza, la sivyo miamala miwili itakaa ikingojana.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba kanzidata ikisema "nimehifadhi", imehifadhi kweli. Hilo linategemea fsync, agizo la kusukuma data mpaka kwenye diski. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL walibaini kwamba kwenye mfumo endeshi wa Linux fsync inaweza kushindwa, ukaiita tena ikajibu "sawa", ilhali data haijafika. Wakaamua kwamba kanzidata ikikutana na kosa hilo ijiangushe kwa makusudi, kisha ikiamka ijijenge kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko. Naukubali sana uamuzi ule. Sasa fikiria kuna watu huzima fsync kabisa kwenye seva ya malipo ili mfumo "uwe na spidi".

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao kwa sekunde 43. Mitambo iliyobaki ikapiga kura na kuhamishia uongozi wa kanzidata pwani ya magharibi ya Marekani. Kura ilikwenda sawasawa. Tatizo ni kwamba upande wa mashariki ulikuwa na maandishi yaliyokwishathibitishwa ambayo magharibi hayajafika, na magharibi nako kukaanza kuandikwa mapya. Kuzipatanisha pande mbili kulichangia huduma kuyumba kwa saa 24 na dakika 11. Kwa hiyo kuwa na nakala nyingi za kanzidata peke yake hakutoshi. Linapohusu hela, usimwambie mteja "tayari" mpaka angalau nakala moja iliyo mahali pengine ikiri kupokea. Utalipa milisekunde kadhaa kwa kila muamala. Kwa hesabu ya waliotazama video, usijisumbue.

Kabla mfumo wako haujaingia kazini, jaribu kuuangusha. Anzisha miamala mingi ya kuhamisha hela kati ya akaunti za majaribio, zima mfumo katikati, uwashe, jumlisha salio zote. Jumla lazima iwe ileile. Ila kumbuka kwamba kuua programu ghafla kwa agizo la kill -9 kunapima msimbo wako tu, maana Linux bado iko hai na itamalizia kuandika. Ukitaka kuipima diski, chomoa waya wa umeme.