Kabla hujapanda mtufaha wa maua, tafuta shingo yake

Katikati ya Mei, mtaa wetu hapa St. Paul, Minnesota, hubadilika rangi. Mitufaha ya maua hufunguka karibu yote kwa pamoja, myeupe, ya waridi, mingine myekundu iliyokolea, na baada ya theluji ya miezi mingi unajikuta umesimama njiani unaitazama tu. Nazungumzia mitufaha midogo, ile ambayo tunda lake halifiki sentimita 5. Matunda ya mti wangu ni madogo kuliko gololi.

Mti wangu wa kwanza ulikufa, na kosa lilikuwa langu. Nimekulia Muheza, Tanga, kwenye michungwa, nikaona kupanda mti nakujua. Nilichimba shimo refu, nikajaza mboji, nikauteremsha mche na udongo wake kama ulivyotoka kitaluni, nikafukia. Miaka miwili ulikwenda vizuri. Wa tatu ukachanua upande mmoja. Wa nne majani yakatoka madogo, ya manjano. Nilipofukua kwa mkono nikakuta, kama sentimita 10 chini, mzizi mnene kama kidole gumba umelizunguka shina kama kamba ya mbuzi. Shina lilikuwa limebonyea pale lilipokabwa.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu uliyenunua mche wikendi hii: usiuamini udongo wa kwenye chungu. Mara nyingi miche hufika dukani shingo, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ikiwa tayari imefukiwa. Kwangua udongo wa juu kwa vidole mpaka uone shina linapotanuka na mizizi ya kwanza kutawanyika. Hapo ndipo pawe usawa wa ardhi. Mzizi uliojizungusha ukate. Shimo lisizidi kina cha donge la mizizi, ila upana liwe mara mbili au tatu, na urudishie udongo uleule. Matandazo yasiguse shina. (Siku chache kabla ya kuchimba piga 811, namba ya simu ya huduma hiyo hapa Marekani, waje kuonyesha mabomba na nyaya zilipopita. Ni bure.)

La pili ni aina. Uliza jina, usichague kwa picha ya maua. Aina za zamani kama Hopa huchanua vizuri sana, lakini kufika Julai majani yana madoa ya ukungu na yanapukutika, mti unabaki karibu uchi wakati wenzake ni kijani. Ukungu huo hulala kwenye majani makavu yaliyoanguka, kisha mvua za machipuko huurusha juu kwenye majani machanga. Kuyafagia Oktoba kunasaidia, ila kinga kubwa ni aina yenyewe. Mimi nilipanda Prairifire, aina iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois. Maua yake ni mekundu ya zambarau, na majani yanakaa.

Kupogoa nafanya mwishoni mwa Februari, macho ya matawi, yaani machipukizi ambayo hayajafunguka, yakiwa bado yamelala. Ukichelewa hadi katikati ya kiangazi unakata maua ya mwaka ujao, maana macho yake yanakuwa yanaumbwa. Ukiona ncha ya tawi imekuwa nyeusi kama imeunguzwa na moto, imepinda kama mpini wa bakora, huo ni ugonjwa wa bakteria. Kata sentimita 20 hadi 30 chini ya palipoungua, na ufute mkasi kwa spiriti kila unapokata.

Maotea ya chini, yaani machipukizi yanayotoka chini ya shina, usiyaonee huruma, yakate. Mingi ya miti hii imebebeshwa, yaani aina moja imeunganishwa juu ya shina la nyingine, na aliyeona limau likiota chini ya mchungwa uliobebeshwa hahitaji maelezo: shina la chini likiachiwa, ndilo linalotawala.

Halafu kuna sungura, ambao theluji ikitanda hula magome. Nilizungushia shina wavu wa kuku wa nusu mita nikalala usingizi. Theluji ikapanda mpaka ukingo wa wavu, sungura wakapanda nayo, na Machi nikakuta tawi zima la chini limemenywa, jeupe. Siku hizi wavu wangu unafika mita moja na robo, na kila theluji kubwa inapoanguka natoka na koleo kuipunguza pale shinani.