Maswali yenu: mshauri nasaha ana kazi yake, na wewe una yako

Nimekwenda kwa mshauri mara tatu kuhusu ndoa yangu. Ananiuliza maswali tu, haniambii niondoke au nibaki. Sasa nalipia nini? (Mama wa Kijenge, Arusha)

Dada yangu, tumezoea kikao cha ukoo: wazee wanasikiliza pande zote, wanaamua, aliyekosea anatozwa faini. Mshauri nasaha hakai kiti hicho. Tangu miaka ya 1940, Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alishikilia kwamba anayeyajua maisha yake ni mteja mwenyewe, na washauri wengi leo wanafuata msingi huo. Akikuambia "ondoka", si yeye atakayetafuta chumba cha kupanga na watoto mkononi.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Chukua daftari, andika ugomvi wa mwisho: ulianzaje, nani alisema nini, wewe ulifanya nini baada ya hapo. Chini yake andika jambo moja tu unalotaka libadilike. Ukifika, anza na hilo. Kisha muulize waziwazi: "Tunaelekea wapi, na tutajuaje kwamba tunasogea?" Hilo ni swali halali, na ana wajibu wa kulijibu.

Naendesha bodaboda usiku, Sakina. Nilikwenda kwa sababu sipati usingizi, ila sikusema kwamba natafuna mirungi. Naogopa polisi.

Mwambie, kaka. Mirungi yenyewe inafukuza usingizi. Ukiificha, mshauri atahangaika na mawazo yako huku chanzo kiko mfukoni mwako. Mengine yanaweza kusubiri mpaka umzoee. Hakuna anayefunguka yote siku ya kwanza. Ila vilevi, dawa unazomeza, kupigwa nyumbani na mawazo ya kujiua visisubiri hata kidogo.

Kuhusu siri, kazi yake si kukuchongea. Lakini siri ina mipaka: ukiwa katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu, mtoto akiwa ananyanyaswa, au mahakama ikiagiza. Haya huelezwa siku ya kwanza. Kama hukuelezwa, uliza kabla hujaendelea.

Nimekosa miadi miwili kwa sababu ya nauli, naona aibu kurudi. (Pasua, Moshi)

Rudi. Safari nyingine piga simu mapema, maana saa ile angepewa mwingine. Na la nauli liseme, mpange miadi iliyoachana siku nyingi kidogo. Kama kinachokubana ni gharama za matibabu, hospitali za serikali kama Mawenzi zina maafisa ustawi wa jamii wanaoshughulikia maombi ya msamaha.

Nilikuwa nalia, mshauri akanikatiza, akasema nimsamehe mama yangu yaishe. Niliumia sana. Ni mtu mzima kwangu, nitamwambiaje? (Binti wa Moshi)

Pole sana, mwanangu. Najua kwetu kumwambia mkubwa "hapa umeniumiza" kunaonekana utovu wa adabu. Ndani ya chumba kile ni sehemu ya kazi yako. Mwambie mshauri hivi: "Mama, siku ile uliponiambia nisamehe, nilikuwa sijamaliza. Naomba leo unisikilize mpaka mwisho." Mshauri mzuri atakushukuru. Akikufokea, una haki ya kutafuta mwingine. Na kama mshauri anakutaka kimapenzi, au mambo yako umeyasikia mtaani kutoka kwake, huna deni la kumuaga. Usirudi, na umshitaki kwa viongozi wa mahali anapofanyia kazi.

Tumeambiwa twende baraza la kata kabla ya talaka. Si ndiyo ushauri nasaha huo huo? (Baba, Ngarenaro)

Hapana. Baraza la usuluhishi linatokana na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza lishindwe kuwapatanisha na kutoa hati kuthibitisha hivyo. Ushauri nasaha unakwenda kwa hiari yako, na hakuna hati unayodaiwa mwishoni. Mnaweza kufanya yote mawili. Ila mkeo akikataa kwenda kwa mshauri, nenda peke yako, ukazungumzie yaliyo upande wako.